Mstari wa Themanini

Mimi si mtu wa kukaa. Mke wangu amelisema hilo tangu tuoane, lakini siku nne ninazotaka kuzisimulia zilizidi kipimo. Nilikuwa kiguu na njia ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nafungua bomba la jikoni, nalisikiliza, nalifunga. Naenda uani, nasahau nilichofuata, narudi. Mke wangu akaniuliza kama nimekalia upupu. Nikamwambia ni mgongo. Nilimdanganya, na wala hakuwa wa kwanza mwaka ule.

Kazi yangu ni kuchimba. Nina miaka ishirini na sita idara ya maji, na kumi na moja ya mwisho nimekuwa msimamizi wa kikosi. Bomba kuu likivuja chini ya barabara tunafukua, fundi anaziba, tunafukia, tunatukanwa na wenye magari, tunakwenda kwingine. Zamani uliona maji yamechomoza juu ya lami ukajua ni hapo. Siku hizi kuna visanduku. Kila umbali fulani, ndani ya shimo la vali, wamebana kisanduku cha ukubwa wa tofali kinacholisikiliza bomba saa ambazo watu wamelala na mabomba yao yamefungwa. Bomba linalovuja lina mlio wake, kama mtu anayepiga mluzi na meno hana. Kisanduku kinautuma mlio ule ofisini, na kompyuta inaupa alama kuanzia sifuri hadi mia. Tisini na kitu maana yake nendeni mbio. Tano au sita maana yake kunyweni chai.

Shida ni zile za katikati. Kompyuta haisemi ndiyo wala hapana. Inakwambia arobaini na saba, inakwambia sabini na mbili, halafu inakuachia msalaba wako. Lazima mtu achore mstari: kuanzia hapa kwenda juu tunachimba, chini ya hapa tunaandika "salama" na maisha yanaendelea. Na mtu aliyekuwa akiuchora mstari huo, ghorofa ya tatu, kwenye chumba chenye feni mbovu na skrini tatu, alikuwa binti yangu wa kwanza.

Msinione najisifu, lakini kama nisipojisifu kwa huyo nitajisifia nini? Hesabu alizisoma mpaka zikamchoka zenyewe. Aliajiriwa idarani kwa kichwa chake, si kwa mkono wangu, na siku ya kwanza alinionya kwamba ndani ya geti lile hataki kusikia mtu akisema yeye ni mtoto wa fulani. Nikasema sawa. Nikatoka hapo nikawaambia watu wote hadi mlinzi.

Mwanzoni mstari ulikuwa hamsini. Mungu wangu, tuliteseka. Kila siku orodha ya mitaa kumi, kumi na mbili, tunachimba, na mashimo manane kati ya kumi ni makavu. Watu wakaanza kutuita fuko. Mama mmoja mwenye duka alitumwagia maji ya kuoshea vyombo, akasema haya, mmeyapata mliyokuwa mnatafuta. Kijana wangu mmoja kikosini, tunamwita Kimya kwa sababu tangu azaliwe hajanyamaza, alisema kompyuta ile ingemsikia mkewe akikoroma ingetutuma tukachimbe chini ya kitanda.

Kila shimo lina fomu yake. Fomu ina vyumba viwili vya kuweka tiki, MAJI na KAVU, halafu sahihi ya msimamizi. Binti yangu alizikusanya fomu za mwezi mzima, akazilinganisha na alama. Akaona kwamba kati ya hamsini na themanini karibu kila shimo limeandikwa kavu. Jioni moja alikuja nyumbani akanieleza mezani kwa chekecheke ya mama yake. Matundu yakiwa mapana mno unapitisha takataka, na hiyo ndiyo ile chimba-chimba isiyo na maji. Yakiwa membamba mno unazuia hata unga mzuri, na hizo ndizo nyufa zinazobaki chini ya ardhi bila mtu kujua. Hakuna tundu la kupata vyote. Unachagua unakubali kukosea upande gani, na kiasi gani. "Lakini kwa fomu zenu, Baba," akasema, "upande mmoja karibu hauna gharama. Nikipandisha hadi themanini nitawaondolea mashimo makavu yote, na maji nitakayoyaacha ni kiduchu."

Nikatafuna, nikameza, nikasema hongera mwanangu. Nilijua kitu ambacho yeye hakukijua, na nikajitia hamnazo.

Mstari ukapandishwa. Bosi wa ghorofani akampigia makofi mbele ya watu. Sisi tukawa tunachimba mashimo mawili kwa siku, na yote yana maji. Tukaanza kutoka kazini na nguo safi. Kimya akanenepa, naapa.

Miezi minne ikapita namna hiyo. Halafu dada yangu akanipigia simu kwamba sakafu yake inatoka jasho.

Huyu ni dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni. Mumewe alifariki, watoto wameoa na kuolewa, amebaki na nyumba yake ya vyumba vitatu chini kidogo ya barabara, ile ambayo yeye na marehemu waliijenga tofali kwa tofali kwa miaka tisa. Nilikwenda Jumapili mchana. Mlango wa jikoni haufungiki, umegoma kwenye fremu. Kwenye kona ya ukuta, upande wa barabarani, kuna ufa. Akanionyesha kwa mpini wa kijiko: wiki iliyopita ulikuwa hauingii, sasa unaingia na kucheza. Nikavua viatu. Sakafu ilikuwa baridi na ya utelezi, na ilikuwa wiki ya tatu bila mvua.

Aliniambia ameshakwenda idarani mara mbili. Mara zote msichana wa dirishani aliangalia kompyuta, akamwambia mtaa wake ni salama, huo ni unyevu wa kawaida, apake rangi ya kuzuia maji. Amekwishanunua kopo zima. Aliniambia haya bila kulalamika, kama mtu anayetoa taarifa, kisha akaniuliza hali ya mgongo.

Sikuweza kukaa. Nikatoka nikasimama barabarani mbele ya nyumba yake, nikautazama mfuniko wa vali, na hapo nikapatambua. Pale nilikwishachimba. Mwaka uliopita, mstari ulipokuwa hamsini, tulitumwa mtaa ule ule, kama hatua thelathini kutoka mlangoni pake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kosa lilipo. Mabomba ya mji huu kwa kawaida yako mita moja chini, kwa hiyo tunachimba hadi kiunoni, tukiona udongo mkavu tunafukia. Lakini mtaa ule ulikuwa bondeni, na miaka mingi iliyopita ulijazwa kifusi ili barabara ipande. Bomba halikupandishwa. Liko mita mbili, pengine na zaidi. Vijana hawajui hilo. Mimi najua, maana nilikuwepo kifusi kikimwagwa. Siku ile lilikuwa shimo letu la tisa, mikono imetuchubuka, mwenye duka anatupigia kelele. Tulifika kiunoni. Nikatazama udongo, mkavu. Nikaweka tiki KAVU, nikasaini. Kwenye fomu hakuna chumba cha kusema hatukufika, na moyoni nikajiambia sikusema uongo, pale nilipofika kweli palikuwa pakavu.

Na haukuwa mtaa mmoja. Nilihesabu kichwani njiani kurudi nyumbani, nikapata kumi na moja, nikaacha kuhesabu.

Jumatatu asubuhi nilipanda ghorofa ya tatu na viatu vyangu vya matope. Nilikuwa nimejipanga kumpaka binti yangu mafuta kidogo kidogo. Nikamsifia feni, ambayo haifanyi kazi. Nikamwomba aangalie mtaa wa shangazi yake. Akaangalia: sitini na tatu. Nikamwambia, mama, mtaa huo mmoja tu, shusha mstari uwe sitini, nipate kibali cha kuchimba. Maana bila kibali siwezi kugusa lami hata kwa koleo la mchanga; tangu zile kelele za mashimo makavu, polisi wa barabara walikuwa wanatuvizia.

Binti yangu akageuza kiti. Akasema anampenda shangazi yake, lakini alama sitini na kitu ziko mitaa themanini na tatu, na katika kila mtaa kuna shangazi wa mtu. Akishusha kwa mmoja kwa sababu anamjua, basi huo si mstari tena, ni upendeleo. Nimletee sababu. Akafungua fomu ya zamani ya mtaa ule kwenye skrini, akaniambia kwa upole kabisa kwamba hata mimi mwenyewe nilichimba pale nikakuta pakavu. Sahihi yangu ilikuwa imejaa skrini nzima.

Ningeweza kusema pale pale. Nilisema haya mwanangu, nikashuka ngazi, nikapanda tena hadi ghorofa ya pili, nikashuka tena. Mlinzi akaniuliza nimepoteza nini.

Siku ile tulichimba mashimo mawili na sikumbuki hata moja. Mchana nilikimbilia kwa dada. Mpini wa kijiko haukuhitajika tena, kidole changu kiliingia. Nikamwambia ahamie kwangu. Akakataa katakata, kama idara imesema salama, yeye ahame kwa nini, na mpwa wake si ndiye anayeyapima hayo mambo? "Yule hawezi kukosea," akaniambia, "amelelewa na wewe." Nilitoka bila kumaliza chai.

Jumanne nilifika ofisini kabla ya wafagiaji. Nilisimama kwenye korido ya ghorofa ya tatu, nikatembea hadi dirishani, nikarudi, hadi dirishani, nikarudi. Binti yangu alipotoka kwenye lifti na mkoba wake alinikuta hivyo. Hakunisalimia kwanza. Nadhani hakuwa amelala vizuri na yeye, kwa sababu aliniuliza moja kwa moja, bado hajaweka hata mkoba chini.

"Baba, ule mtaa wa shangazi. Bomba uliliona?"

"Niliona udongo."

"Sikuulizi udongo. Bomba uliliona kwa macho yako?"

"Sikuliona."

Akafungua mlango, akaingia, akakaa. Nikamfuata. Nikamweleza yote, kifusi, mita mbili, shimo la tisa, fomu yenye vyumba viwili. Nilieleza huku nimesimama, na miguu haikutulia. Aliposikia neno kifusi alifumba macho. Nilipomaliza aliuliza ni mashimo mangapi. Nikasema kumi na moja.

Akachapisha orodha ya mashimo yote makavu ya ule mwezi wa fomu yaliyosainiwa na mimi. Yalikuwa mia mbili na sita. Akanisomea mtaa mmoja mmoja, na kwa kila mtaa nikatakiwa kujibu neno moja, nilifika au sikufika. Nilifika. Nilifika. Sikufika, mvua ilinyesha. Akasema hahitaji sababu. Sikufika. Nilifika. Sikufika. Ilichukua asubuhi nzima. Hakunipandishia sauti hata mara moja, na ningetoa mshahara wa mwezi anipandishie. Mwisho wake fomu za sikufika hazikuwa kumi na moja. Zilikuwa sabini na nne.

Akazifuta hizo sabini na nne kwenye hesabu yake na kuipiga upya mbele yangu. Mimi hesabu sizijui, lakini niliiona ile grafu ikilegea. Yale mashimo niliyofika kweli kwenye bomba, yenye alama kati ya hamsini na mbili na themanini, moja katika kila matatu lilikuwa na maji. Moja katika kila matatu. Na sisi miezi minne tulikuwa tumeandika mitaa yote hiyo salama, na watu wakanunua rangi.

Akasema mstari unashuka hadi hamsini na mbili. Mashimo makavu yatarudi, matusi yatarudi, ila safari hii tutajua tunachokilipia. Nikamwambia nitakwenda mimi kwa bosi. "Mstari niliuchora mimi," akanijibu. "Sikuuliza fomu zilijazwaje. Nilikuuliza wewe mambo mengine yote, hilo sikuuliza kwa sababu lilikuwa lako." Tukaenda wote wawili. Alisema takwimu alizotumia zilikuwa na kasoro na mstari wake haukuwa sahihi. Bosi, aliyempigia makofi miezi minne nyuma, akauliza kasoro ya nani. Binti yangu akatazama karatasi zake. Nikasema ni yangu. Nilipewa barua ya onyo na maneno ambayo sitayarudia hapa. Kibali cha mitaa yote ya juu ya hamsini na mbili kilisainiwa jioni, na msimamizi ndiye anayepanga aanzie wapi.

Jumatano saa moja na nusu tulikuwa mtaani kwa dada. Yeye alitoka na kiti, akakaa barazani kututazama, akiwa na nguo zake katika mifuko miwili, maana usiku plasta ya jikoni ilianguka yote na sasa alikubali kuhama. Niliwaambia vijana tunakwenda mita mbili na nusu, hakuna kupanda kabla ya bomba. Kimya akauliza kama tunatafuta maji au mafuta ya petroli.

Kiunoni, pakavu. Pale pale niliposimama mwaka uliopita. Kifuani, pakavu, kifusi kitupu, vipande vya vigae na matofali. Hapo Kimya akaacha maneno, mara ya kwanza katika maisha yake. Nilikuwa nimeingia shimoni mwenyewe; mgongo ulinilaani lakini juu nisingeweza kusimama. Tukaweka mbao za kuzuia kuta zisituangukie, tukaendelea. Mawazo mabaya yakaanza kunijia: kama bomba ni zima, basi nyumba inaanguka kwa kitu kingine, na mimi nimemvua nguo binti yangu bure. Nilichimba kwa hasira, sijui hasira ya nani.

Mita moja na robo tatu udongo ukabadilika rangi. Koleo likaanza kutoka na sauti ya kunyonya. Kabla ya mita mbili kufika, buti langu lilizama, na nikausikia ule mluzi kwa masikio yangu, bila kisanduku. Kiungo cha bomba kilikuwa kimefunguka kwa chini kama mdomo, kinatema maji pembeni, moja kwa moja upande wa nyumba ya dada yangu. Fundi akakimbilia vali, akafunga. Mluzi ukakatika. Nikaegemea mbao, nikalia kidogo, na sioni aibu kusema.

Mhandisi wa majengo alipita akasema vyumba vitatu vitapona, msingi wake umeshikilia. Jiko litavunjwa na kujengwa upya. Tungechelewa wiki mbili kusingekuwa na cha kupona. Dada yangu alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akauliza kama anaweza kuingia kuchukua sufuria zake. Hakujua lolote kuhusu fomu. Nilimwambia siku hiyo hiyo, nimesimama, na alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa mtoto nimevunja kitu. Akasema, "Wewe?" Akaenda kuchukua sufuria.

Binti yangu alikuwa amefika wakati vali inafungwa, na gauni lake la ofisini na bahasha ya fomu mpya chini ya kwapa. Fomu mpya ina vyumba vitatu: MAJI, KAVU, HATUKUFIKA. Nilipanda nikiwa nimelowa hadi mapajani, nikafuta mikono kwenye suruali, nikachukua kalamu. Nikaweka tiki kwenye MAJI, nikasaini, nikampa. Nadhani nilikuwa natabasamu, kwa sababu nilikuwa na furaha, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu Jumapili miguu yangu ilikuwa imetulia.

Aliisoma fomu. Hakuitia kwenye bahasha.

"Nishikie viatu, Baba," akasema.

Akavua viatu vyake vya kazini akanipa, akakunja gauni magotini, akashika ngazi, akashuka. Kimya alimwambia, Dada, kuna matope huko, mzee ameshaliona bomba. Hakumjibu. Nikasimama ukingoni, viatu mkononi, nikamtazama mwanangu akikanyaga matope hadi kwenye kifundo cha mguu, akiinama na kupitisha mkono chini ya kiungo mpaka vidole vikapata ule ufa. Akavitazama vidole vyake vilivyolowa. Kisha akapanda, akachukua kalamu kutoka mfukoni mwangu, na chini ya sahihi yangu akaweka yake.

Zimebaki fomu nyingi. Kila asubuhi anakuja nasi, na kila shimo anashuka.